"Nani kakwambia nateseka na maembe?" Historia fupi ya vifaa vya jikoni, kutokea Iringo, Musoma

Mwaka wangu wa kwanza wa uzamili nilipata kibarua cha kukusanya data, na hela yangu ya kwanza ya maana nikaitumia kama mtoto mwema: nikamnunulia mama blenda. Nikaisafirisha kwa basi mpaka Musoma, nimeipakata njia nzima. Mama akashukuru, akaniombea baraka, akaiweka juu ya kabati na kuifunika kitambaa cha kufuma. Miezi saba baadaye narudi nyumbani, Iringo, naikuta palepale, waya wake bado umefungwa kama ulivyotoka kiwandani. Nikauliza kulikoni. Mama, huku akipepea mkaa chini ya sufuria ya maharage, akanijibu bila hata kugeuka: "Mwanangu, umeninunulia kitu cha kusagia maembe. Nani kakwambia nateseka na maembe?"

Sikuwa na jibu. Ila mimi nasoma historia, na mtu wa historia akikosa jibu hukimbilia nyuma. Ndiyo asili ya makala hii. Swali ni lile ambalo hata wewe umewahi kujiuliza ukiwa umesimama mbele ya rafu za duka: kati ya vifaa hivi vyote vinavyong'aa, kipi kinastahili hela yako na nafasi jikoni kwako, na kipi kitaishia juu ya kabati? Huna haja ya kubahatisha. Majiko ya Mara yamekuwa yakivifanyia mtihani vifaa vya kila aina kwa vizazi vingi, na matokeo yapo.

Anza na majina

Ukitaka kujua umri wa vitu vya jikoni, sikiliza majina yake. Jiko, figa na chungu ni maneno ya Kibantu ya kale sana. Ndugu zake utawakuta katika lugha zilizoko maelfu ya kilomita kutoka Ziwa Victoria. Hilo ndilo tabaka la chini kabisa: mawe matatu, moto na udongo uliofinyangwa.

Juu yake lipo tabaka lililokuja na biashara ya pwani. Birika ni neno la Kiarabu. Sufuria nayo ina asili ya Kiarabu, kwenye neno linalohusu shaba, kwa kuwa sufuria za mwanzo hazikuwa za alumini kama hizi zetu. Kisha linakuja tabaka la jana na leo: jiko la Mchina, chupa ya chai, friji, blenda, presha kuka. Yaani jikoni kwenu kuna historia ya Afrika Mashariki imepangwa tabaka kwa tabaka, na mama yako anaipika kila siku.

Lakini majina yanatuambia tu kitu kilifika. Hayatuambii kama kilimsaidia mtu. Kwa hilo, twende nyuma ya nyumba ya bibi.

Jiwe lililokuwa na bonde

Kwa bibi yangu, kijijini wilaya ya Butiama, kuna jiwe pana lenye bonde katikati. Nikiwa mdogo niliamini liliwekwa pale ili kuku wanywe maji. Kumbe ni jiwe la kusagia, na bonde lile halikuchongwa na mtu. Lilichimbika lenyewe kwa miaka ya kusugua jiwe dogo juu ya jiwe kubwa, mtu amepiga magoti, mikono inakwenda mbele na nyuma.

Chakula cha kwetu kilihitaji jiwe hilo kila siku. Ugali wa Mara, ule wa rangi ya udongo unaomshangaza mgeni, ni wa mtama, ulezi, au mihogo iliyovundikwa na kukaushwa tunayoiita udaga, mara nyingi kwa kuchanganya. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinacholiwa bila kusagwa. Kwa hiyo kabla hujafikiria moto, mboga au maji, kulikuwa na kazi ya unga, na unga wa familia nzima haupatikani kwa dakika kumi. Kazi hiyo ilikuwa ya wanawake na wasichana.

Kijana wa Butiama aliyezaliwa mwaka 1922 aliliona hilo tangu utotoni. Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambalo Julius Nyerere ndiye kalamu yake kuu, linasema wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi saa 12 au hata 14 kwa siku, bila kupumzika Jumapili wala sikukuu. Miaka saba baadaye, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ikakutana hapahapa Musoma na kupitisha Azimio la Musoma: watoto wote wa umri wa shule wawe wameandikishwa shule ya msingi ifikapo 1977, badala ya 1989 kama ilivyopangwa awali. Tunalisoma azimio hilo kama habari ya elimu. Lisome pia kama habari ya jikoni. Msichana aliyekaa darasani asubuhi hawezi wakati huohuo kuwa amepiga magoti kwenye jiwe. Saa zake lazima zitoke mahali fulani.

Zilitoka kwenye mashine ya kusaga. Unaifahamu: kibanda cha bati, injini ya dizeli inayosikika kijiji cha pili, kijana mweupe unga mpaka kope, na foleni ya ndoo na madebe. Kazi ya kutwa ikawa kazi ya dakika chache, kwa hela kidogo. Haikufika kila mahali kwa mpigo, na dizeli ilipokosekana watu walirudi kwenye jiwe. Lakini pale ilipofika na kudumu, jiwe lilistaafu, likawa la kuku.

Hapa pana jambo ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kuliona. Mashine iliyobadilisha jiko la Mara kuliko nyingine zote haikuwahi kuingia jikoni kwa mtu, na hakuna kaya iliyolazimika kuinunua. Ilikuwa moja kwa kijiji kizima. Sisi wa leo tukisikia "kifaa cha jikoni" tunawaza kitu cha kumiliki. Bibi aliwaza kazi ya kuondokana nayo.

Pini, mpaka na mafuta ya taa

Somo la pili lilikuja kwa njia chungu. Mwaka 1892 fundi wa Stockholm, Frans Wilhelm Lindqvist, alitengeneza jiko la mafuta ya taa linalopigwa pampu mpaka mafuta yanageuka mvuke na kuwaka kwa mwali wa buluu usio na masizi. Hilo ndilo Primus. Jiko hili lilisambaa dunia nzima, na huku kwetu likafuatiwa na lile la tambi linaloitwa jiko la Mchina, lililowapikia wanafunzi wangapi sijui kwenye mageto yao.

Kama kifaa, hakuna ubishi: ni haraka, huhitaji kuni, unawasha hata mvua ikinyesha. Tatizo halikuwa kwenye jiko. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa, usifunguliwe mpaka 1983. Mtu wa Dodoma pengine alisoma habari hiyo gazetini. Mtu wa Mara aliiona, maana Sirari iko mkoani kwetu. Katikati ya miaka hiyo ikapita Vita ya Kagera, kisha uhaba uliowafanya wazazi wetu wapange foleni ya sabuni na sukari. Sasa jiko la pampu lina tundu dogo sana la kupitishia mvuke, na lina pini nyembamba ya kulizibua. Pini ikipotea, mpira wa pampu ukichakaa, au mafuta yasipoletwa, ulicho nacho ni pambo la shaba. Mafiga matatu hayana pini.

Mwaka 2011 yakajirudia kwa sura nyingine. Serikali ilipandisha sana kodi ya mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji, maana wajanja walikuwa wanayachanganya kwenye dizeli. Nia ilikuwa kulinda injini za magari. Matokeo jikoni ni kwamba jiko la Mchina liligeuka ghali kulilisha ndani ya muda mfupi, na wengi wakarudi kwenye mkaa.

Kwa hiyo usinunue kifaa peke yake. Unanunua pia njia yote inayokilisha: mafuta yake, spea zake, fundi wake, na mpaka unaopitisha vyote hivyo.

Viwili vilivyofaulu

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wakenya walichukua wazo la jiko la mkaa la Thailand lenye umbo la ndoo, wakalibadilisha: bati nje, udongo wa kuchomwa ndani, kiuno chembamba katikati. Udongo unazuia joto lisitoroke pembeni. Jiko hili lilivuka mpaka, na Tanzania tukawa na la kwetu, Jiko Bora. Ukilinganisha na jiko la bati tupu, linaokoa kati ya theluthi na nusu ya mkaa. Kwa nini lilikubalika? Kwa sababu halikumdai mpishi abadilishe kitu. Sufuria ileile, mkaa uleule, ugali unasongwa vilevile kwa nguvu zote na jiko halipinduki. Na anayelitengeneza ni fundi bati wa mtaani, si kiwanda cha ng'ambo. Udongo ukipasuka unampelekea, anaweka mwingine.

Cha pili ni chupa ya chai. Mwanasayansi James Dewar, London, mwaka 1892 alikuwa anahitaji chombo cha kuhifadhia gesi zilizopozwa mpaka kuwa vimiminika. Akatengeneza chupa ya kuta mbili, katikati akaondoa hewa. Pasipo hewa, joto halina cha kupitia kirahisi. Hakuchukua hataza. Mjerumani Reinhold Burger akaona kwamba kinachozuia joto kuingia kinazuia pia joto kutoka, na mwaka 1904 bidhaa hiyo ikaingia sokoni kwa jina la Thermos.

Angalia kazi inayofanya kwetu. Chai inachemshwa mara moja alfajiri. Mgeni akifika saa nne, chai ipo. Saa nane akija mwingine, ipo. Bila chupa, kila hodi ingekuwa moto mpya. Haitumii umeme, haina mafuta, haina cha kujifunza. Wala haikutulazimisha kubadili ustaarabu wetu. Iliusaidia ule tuliokuwa nao wa kutomwacha mgeni akaondoka mkavu.

Kila kifaa kina kwao

Mwaka 1955 kampuni ya Toshiba ilianza kuuza jiko la umeme la wali. Aliyelibuni ni Yoshitada Minami, mwenye karakana ndogo. Ila majaribio ya kupika, siku baada ya siku, kwa joto na kwa baridi, aliyafanya mkewe, Fumiko. Siri yao: maji yakiwepo, joto la chungu haliwezi kupanda juu ya nyuzi za kuchemka. Yakishakauka, joto linaruka ghafla, na swichi inayohisi mruko huo inajizima. Mpishi anakwenda zake.

Ni kifaa chenye akili sana, kwa watu wanaokula wali asubuhi, mchana na jioni. Sasa kilete Mara. Ugali unadai mwiko na mkono, na kifaa cha Fumiko hakina habari na mwiko. Kama kwenu wali ni wa Jumapili na sikukuu, umenunua mfanyakazi wa siku moja kwa wiki. Huko Zanzibar au Mbeya hesabu yaweza kuwa tofauti kabisa. Kifaa ni kilekile, ila chakula kinachokisubiri nyumbani ni kingine.

Kwa nini maharage ya Musoma yanachelewa

Nirudi kwa mama na sufuria yake. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa inayotugandamiza hapa ni pungufu kuliko ya pwani, kwa hiyo maji ya Musoma yanachemka kwenye nyuzi kama 96, si 100. Hata uongeze mkaa kiasi gani, maji hayatazidi hapo. Utakachoongeza ni mvuke tu.

Nyuzi nne zinaonekana ndogo. Lakini kuiva ni kemia, na wanakemia wana kanuni ya makadirio: joto likipanda nyuzi 10, mwendo wa mmenyuko unakaribia kuwa mara mbili. Kwa hesabu hiyo, maharage yanayochukua dakika 90 Dar es Salaam yatachukua karibu dakika 120 Iringo. Shangazi wa Dar akija kwetu na kulalamika kwamba maharage ya Mara ni magumu, mwambie ni hewa.

Dawa yake ina umri wa miaka zaidi ya 340. Mwaka 1679 Denis Papin, Mfaransa aliyekuwa London, aliwaonyesha wanasayansi wa Royal Society chungu cha chuma chenye kifuniko kinachofungwa hadi mvuke usitoke. Mvuke ukibanwa, mgandamizo unapanda, na maji yanalazimika kufikia joto kubwa zaidi kabla ya kuchemka. Mifupa ililainika. Chungu chake kiliweza pia kulipuka, ndiyo maana akakiwekea vali ya usalama: kizito kidogo kinachonyanyuka mvuke ukizidi. Vali hiyo ndiyo ile inayofanya "tsss" kwenye presha kuka ya leo.

Jiko la presha la umeme ni chungu cha Papin kilichopewa swichi ya kujizima na koti la kuhifadhi joto, kidogo kama la chupa ya chai. Kwa mgandamizo wa kawaida wa majiko hayo, hapa Musoma ndani yake hufika nyuzi kama 113. Kutoka 96 hadi 113 ni nyuzi 17, na kwa kanuni ileile mwendo unakuwa zaidi ya mara tatu. Saa mbili zinakuwa chini ya dakika 40.

Na umeme je? Fanya hesabu nami. Kupasha lita mbili za maji na nusu kilo ya maharage mpaka nyuzi 113 kunahitaji takriban robo uniti. Weka upotevu na muda wa kushikilia joto, tuseme nusu uniti. Kwa bei ya LUKU ya shilingi 356 kwa uniti, ni chini ya shilingi 180. Ukiwa kwenye kundi la watumiaji wadogo wanaolipa 122, ni kama shilingi 60. Sasa nenda kaulize bei ya kopo la mkaa mtaani kwenu, na uhesabu makopo yanayomaliza sufuria moja ya maharage.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye kopo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, kubwa ikiwa moshi wa kupikia, iliua watu milioni 3.2 duniani kwa mwaka 2020. Mama yangu anakohoa kila asubuhi. Nilikua nikidhani akina mama wote hukohoa asubuhi.

Basi ununue nini?

Historia hii imenipa maswali matatu. Je, kinapunguza kazi nzito ya kila siku, au kinarembesha kazi nyepesi? Je, kinacholishwa nacho, na fundi wake, vipo hapa nilipo, hata mambo yakiharibika? Je, kinaelewana na chakula tunachokula kweli?

Jiko la presha linafaulu la kwanza na la tatu kwa kishindo: maharage, makande, nyama ya ng'ombe mzee. La pili linategemea umeme wako, kwa hiyo usilitupe Jiko Bora. Chupa ya chai na hotpoti: nunua, usiulize. Gesi ni nzuri kwa ugali na mboga, ila lazima uwe na hela ya kujaza mtungi kwa mkupuo, na hapo ndipo mkaa wa kopo unapoishinda nyumba ya kipato cha siku kwa siku. Jagi la umeme ni rahisi na halipotezi joto ovyo. Friji ni ya lazima kwa anayeuza samaki au maji baridi, lakini kwa anayenunua sato wa leo Mwigobero na kumla leo, inaweza kusubiri. Blenda tumeshaizungumza.

Serikali nayo ina mkakati wa mwaka 2024 hadi 2034 unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi, na bwawa la Rufiji lenye uwezo wa megawati 2,115 limepewa jina la yule kijana wa Butiama. Ni habari njema. Ila umeme wa Rufiji ukifika jikoni na kukuta kifaa kisicho na kazi, utaishia kwenye kitambaa cha kufuma.

Mwaka jana mimi na dada yangu tulichanga, tukanunua jiko la presha. Mama alilikataa kwanza, akisema litalipuka. Nikamweleza habari za Papin na vali yake, akanisikiliza kwa heshima tu. Siku ya kwanza aliketi mlangoni, mbali kidogo. Vali ilipolia alisimama. Tulipofungua, akabonyeza harage moja kwa vidole, akanyamaza, kisha akauliza: "Hivi vizuri vyote hivi, mlikuwa mnasubiri nini?" Ugali bado anausonga kwenye mkaa, nje, na simlaumu.

Blenda alimpa binti wa jirani anayeuza juisi Stendi ya Bweri. Imesaga maembe mpaka mpira wake umeisha, tumebadilisha, inaendelea. Haikuwa kifaa kibaya. Nilikipeleka nyumba isiyokuwa na kazi yake, kwa sababu sikuwa nimewahi kukaa jikoni kwa mama kuanzia moto unawashwa mpaka unazimwa. Kabla hujanunua chochote, kaa huko siku moja. Na ukiwa huko, chambua maharage.